Giaboksi ya kubadilisha kwa MR2 na gari zingine za injini katikati: maswali tunayoulizwa sana hapa Malindi

Haya ni maswali yanayoletwa gereji kila mara, mengine kwa simu, mengine mtu kasimama mlangoni na gari imeletwa kwa kamba. Gari ya injini katikati ni ile ambayo injini imekaa nyuma ya viti. Nyingi ya gari hizi hapa kwetu ni Toyota MR2 kwa hivo majibu mengi yanaegemea huko, lakini mwenye Lotus Elise, mwenye Fiat X1/9 na yule anayejenga gari yake mwenyewe nao wapo humu.

Gia ya pili inakwaruza. Ninunue giaboksi nyingine?

Subiri kwanza. Gari ya injini katikati ina klachi ambayo pedali iko mbele na silinda ya chini iko kule nyuma kwenye giaboksi, paipu inapita urefu wote wa gari, na gia nazo zinavutwa na kebo mbili ndefu zinazopita katikati ya gari. Sasa hewa ikiingia kwenye hio paipu, au kebo ikianza kushika kutu ndani (na kwa chumvi hii ya bahari yetu kebo hazikai), gari inakuonyesha dalili zile zile za giaboksi mbovu. Nimeona watu wakitafuta giaboksi mpaka Nairobi kumbe shida ni silinda ya klachi.

Fanya hivi. Zima injini, ingiza gia zote moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa halafu zikigoma zote ikiwaka, hapo klachi haiachii vizuri, anza na silinda na kutoa hewa. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, chomoa kebo pale kwenye giaboksi usogeze mkono wa gia kwa mkono wako, ukienda laini basi kebo ndio mbovu. Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, jaribu kukanyaga klachi mara mbili: toa gia, achia klachi, gusa mafuta kidogo kama unashuka gia, kanyaga tena uingize. Mkwaruzo ukiisha hapo ndio sinkronaiza (kipete cha shaba kinacholinganisha kasi ya gia kabla haijaingia) imeliwa, na hio kweli ni kazi ya ndani.

Sikiliza pia kelele. Gari ikiwa niutro na mguu haupo kwenye klachi inalia, ukikanyaga inanyamaza: beringi ya shafti ya klachi ndani ya giaboksi. Ikiwa kimya halafu ukikanyaga ndio inalia: rilizi beringi, na hio sio giaboksi, hio ni seti ya klachi. Inalia kwa mwendo tu, gia yoyote ile, na sauti inapanda na kasi ya gari: angalia beringi za difu na beringi za magurudumu kabla hujamlaumu mtu.

Nitajuaje giaboksi yangu ni ipi?

Soma ile pleti ya chuma iliyopigwa maandishi mwilini mwa gari, Toyota wanaandika kodi ya giaboksi na ya difu humo humo. Usiende kwa mwaka peke yake wala kwa maneno ya aliyekuuzia, manake gari hizi zimeshapita mikono mingi na injini nyingi zimeshabadilishwa. Kwa hivo soma pleti, halafu ingia chini uhakikishe kilichoko pale ndicho kilichoandikwa.

Kwa ufupi ni hivi. MR2 ya kwanza, ile ya pembe pembe AW11 ya 1984 mpaka 1989, yenye injini ya 4A-GE inatumia jamii ya C (C50 kisha C52), na yenye supachaja 4A-GZE inatumia E51 ambayo ni kubwa na nzito zaidi. Ya pili, SW20 ya 1989 mpaka 1999, isiyo na tabo inatumia S54 na yenye tabo 3S-GTE inatumia E153. Ya tatu, MR-S ya 1999 mpaka 2007 yenye 1ZZ-FE, inatumia C56 ya gia tano, na baadaye C65 ya gia sita. Zipo otomatiki pia, SW20 nyingi zisizo na tabo zilizotoka Japani zina A241E.

Si injini ni ya Toyota ya kawaida? Kwa nini nisiweke giaboksi ya Corolla au ya Celica tu?

Swali zuri, na ndio uzuri wa MR2. Toyota walichukua injini na giaboksi iliyolala kwa upana, ile ile ya gari inayovuta mbele, wakaiweka nyuma ya viti. Giaboksi inabaki upande wa kushoto na inazunguka upande ule ule. Kwa hivo ndugu zake wako wengi: S54 ilikuwa kwenye Celica, E153 ilikuwa kwenye Camry za V6 za Marekani, jamii ya C iko kwenye Corolla na Levin chungu nzima.

Lakini ndugu sio pacha. Kodi ileile inaweza kuwa na belhauzi (ule mdomo wa giaboksi unaofungwa kwenye injini) tofauti. Mfano mzuri ni C56: kuna C56 iliyokuwa kwa Levin ya AE101 ya 4A-GE na kuna C56 ya MR-S ya 1ZZ, zote zinaitwa C56, lakini matundu ya bolti ya injini za A na za ZZ hayalingani. Mtu akikuambia nina C56 bei nzuri, swali lako la kwanza liwe ilitoka kwenye injini gani.

Halafu hata belhauzi ikilingana bado kuna mikono ya gia, mahali pa kushika kebo, masikio ya mauntingi, na difu. E153 ya Camry inakaa vizuri kwenye injini ya MR2, lakini mkono wake wa gia na mauntingi sio vya MR2, na gia ya mwisho, yaani ya difu, ni ndefu zaidi, gari itakuwa nzito kuondoka. Ukiwa na giaboksi yako mbovu karibu unaweza kuhamisha vitu vya juu kutoka ile kwenda hii. Ndio sababu nawaambia watu giaboksi iliyokufa isiuzwe skrapa mpaka mpya imeshatembea barabarani.

MR2 yangu haina tabo. Naweza kuweka E153 iwe imara?

Inaingia, na kama una mpango wa kuweka injini ya tabo siku za mbele ni jambo la maana sana. S54 nyuma ya 3S-GTE ya tabo watu wanaiendesha lakini ukiikanyaga kwa hasira gia za chini hazitadumu. Kuweka E153 kwenye gari isiyo na tabo maana yake ni kuchukua pia draivushafti za gari ya tabo, mauntingi zake, na klachi pleti ambayo meno yake yanaingia kwenye shafti ya E153. Hesabu meno kwa mkono wako usiamini boksi la duka.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. S54 gia ya tano ni 0.820 na difu 4.176, E153 ni 0.731 na difu 4.285 (hizi ni uwiano wa mizunguko, ukizizidisha unapata injini inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja). Kwa tairi za nyuma za 225/50 rimu 15, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, S54 inakupa kama kilomita 100 kwa saa na E153 inakupa kama 109. Kwa mtu wa Malindi anayeshuka Mombasa, kilomita 120 hivi, utaisikia tofauti hio masikioni na kwenye mafuta. Ila injini isiyo na tabo itahisi uvivu kidogo ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu, kwa sababu gia za E153 zimeachana zaidi. Kama gari ni ya kuzunguka mjini, Watamu na kurudi, mimi ningebaki na S54 nzima.

Gia sita si bora kuliko tano?

Sio lazima. Tazama C64 iliyowekwa kwenye Lotus Elise yenye 2ZZ-GE ya Toyota: gia sita zake zimebanana, zimepangwa kwa ajili ya injini inayopenda kuzunguka juu sana, na ile ya sita ni 0.815, sawa na ya tano ya giaboksi nyingi za kawaida. Ukiiweka kwenye 1ZZ ambayo nguvu yake iko chini utakuwa unabadilisha gia kila dakika bila kupata kitu. Lakini kama unaweka 2ZZ kwenye MR-S, hapo chukua giaboksi ya gia sita ya 2ZZ, hio injini bila hizo gia za karibu karibu haifurahi kabisa.

Nataka nisisitize hapa: chagua giaboksi kwa injini na barabara yako. Idadi ya gia iwe jambo la mwisho.

Nina MR-S isiyo na pedali ya klachi, ile inayobadilisha kwa vifungo. Imegoma.

Hio ni SMT. Ndani ni giaboksi ya manyuali ya kawaida, ila klachi na gia zinasukumwa na pampu ya mafuta ya presha na valvu zinazoongozwa na kompyuta. Mara nyingi kinachokufa ni hio pampu na vitu vyake, giaboksi yenyewe nzima kabisa. Ukipata vifaa na mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, itengeneze. Ukikosa, geuza iwe manyuali: unahitaji pedali, silinda ya juu na ya chini, paipu, leva ya gia, kebo, mkono wa gia wa juu ya giaboksi, na kompyuta ya injini ya gari ya manyuali. Sio kazi ya kuanza kabla hujakusanya vyote, gari itakaa juu ya stendi mpaka kuku watage ndani.

Na kugeuza otomatiki iwe manyuali?

Orodha ni hio hio na uongeze flaiwili, manake otomatiki ina sahani nyembamba tu pale. Na waya za ile swichi inayozuia injini kuwaka mpaka iwe P au N, lazima ziunganishwe sawa la sivyo staata haitashika.

Ila kuna kitu wengi kinawapita. Kwa gari za kawaida unanunua nusu gari ya mbele iliyokatwa na kila kitu kiko humo. Kwa MR2 injini iko nyuma, kwa hivo nusu unayoitaka ni ya nyuma, inakuja na injini, giaboksi, draivushafti na hata kompyuta, lakini pedali na leva ya gia zimebaki kwenye ile nusu nyingine. Mwambie muuzaji mapema atoe pedali, silinda ya juu, leva na kebo nzima bila kuzikata. Fundi wa kule akikata kebo kwa grinda umepoteza.

Giaboksi nitaipata wapi sasa?

Gari zenyewe haziji tena. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na MR-S ya mwisho ni ya 2007, piga hesabu mwenyewe. Kwa hivo zilizopo nchini ni hizi hizi, na giaboksi unaitafuta Mombasa kwa wanaofungua spea za Japani, Grogan kule Nairobi, au unaagiza moja kwa moja kutoka Japani au Uingereza ambako hizi gari zilikuwa nyingi. Ya Uingereza iangalie kutu, barabara zao zinamwagwa chumvi wakati wa baridi. Ya hapa pwani iangalie kutu vilevile, maganda ya alumini na bolti za chuma vikikaa pamoja kwenye hewa ya bahari vinaoza pale vinapogusana, na bolti inakatikia ndani.

Naikagua vipi kabla sijatoa pesa?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote humu, kaa nalo.

Fungua nati ya kumwagia oili mbele ya muuzaji. Ina sumaku. Unga laini wa kijivu kama rangi ni kawaida, kila giaboksi inao. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hasa vyenye umbo la jino, funga nati uage vizuri uende zako. Rangi ya dhahabu kwenye oili ni shaba ya sinkronaiza, kidogo sio mbaya kwa giaboksi ya umri huu, nyingi maana yake inataka ovaholi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa ujue imeingia maji, pengine gari ilizama kwenye mafuriko, pengine giaboksi ilikaa nje kipumulio kikiwa wazi.

Shika shafti ya klachi uisukume juu na chini. Kucheza kidogo sana ni sawa, ikigonga beringi imekwisha. Angalia meno yake, kama yamekula upande mmoja au yana kutu nene klachi pleti haitateleza vizuri na utarudi pale pale pa gia kukwaruza. Pitisha kidole kuzunguka belhauzi na masikio ya mauntingi utafute ufa. Gari iliyogongwa nyuma inapasua hapo na watu wanaosha kwa petroli hauonekani, kwa hivo angalia kwenye jua.

Ingiza kila gia kwa mkono na uzungushe. Kila gia. Kama haizunguki laini, kama kuna mahali inagota kila mzunguko, kuna jino limevunjika.

Mwisho thibitisha difu. Usitumie gia ya kwanza, giaboksi tofauti zinaweza kuwa karibu sana hapo: ukizidisha gia ya kwanza na difu, S54 ni 13.7 na E153 ni 13.8, huwezi kuzitofautisha kwa mkono. Weka gia ya tano. Shikilia upande mmoja wa kutokea draivushafti usizunguke, zungusha shafti ya klachi mpaka upande wa pili umalize mizunguko 10. E153 ya MR2 itakula mizunguko karibu 15.7. Ikiwa chache kuliko hapo, kuna uwezekano mkubwa ni ya Camry imepewa jina la MR2.

Vipi kuhusu difu ya LSD?

Kama unaipata, ichukue. E153 zingine zina LSD ya mafuta mazito, na MR-S zingine zina ya Torsen. Gari ya injini katikati uzito uko nyuma, ukitoka kwenye kona ya lami iliyofunikwa mchanga LSD inakusaidia gurudumu moja lisizunguke bure. Ile ya mafuta mazito ikiwa mezani shika upande mmoja zungusha mwingine: inatakiwa ipinge kwa upole muda wote, kama kusonga ugali. Ikizunguka bure imekufa, na utakuwa umelipia difu ya kawaida kwa bei ya LSD.

Ovaholi ama ninunue iliyotumika?

Ikiwa ganda la giaboksi yako ni zima na shida ni sinkronaiza na beringi, mimi nashauri ovaholi, mradi uwe umeshapata vifaa mkononi kabla haijafunguliwa. Giaboksi ya mtu mwingine ina miaka 20 na zaidi kama yako, na kwa E153 za mwanzo sinkronaiza ya gia ya pili ni ugonjwa unaojulikana, unaweza kutoa mbovu ukaweka inayokaribia kuwa mbovu. Za miaka ya baadaye ziliboreshwa, kwa hivo ukinunua uliza ya mwaka gani. Ganda likipasuka au jino la kraunwili (gia kubwa ya difu) likikatika, hapo nunua nzima.

Oili gani?

75W-90 ya daraja la GL-4. Zipo GL-5 ambazo maduka mengi yanakupa kwa sababu ndio zimejaa rafuni kwa ajili ya difu za lori, lakini dawa iliyomo kwa baadhi yake inakula shaba ya sinkronaiza. S54 inachukua kama lita 2.6, E153 kama 4.2, C56 kama 1.9. Gari iwe imelala sawa, jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Na tafadhali sana, legeza nati ya kujazia KABLA hujafungua ya kumwagia, isije oili ikaisha yote halafu ya juu ikagoma kufunguka.

Najenga gari ya injini katikati nikitumia giaboksi ya Porsche 911 au ya Volkswagen Beetle. Kuna tatizo?

Lipo na ni kubwa. Kwa hizo gari injini iko nyuma ya giaboksi. Wewe unaiweka mbele ya giaboksi, yaani umeigeuza nzima, kwa hivo magurudumu yatazunguka kinyume: utakuwa na gia moja ya kwenda mbele na zingine zote za kurudi nyuma. Dawa ni kufungua difu na kuhamishia kraunwili upande wa pili wa pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Baadhi ya giaboksi zinakubali bila shida, zingine zinataka kuchongwa, uliza kabla ya kununua. Giaboksi ya Subaru haina neno hili kwa sababu mbele ya gari injini yake tayari iko mbele ya giaboksi, ila lazima uondoe ile sehemu ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma.

Mzee mmoja Mwitaliano ameniachia Fiat X1/9.

Hongera bwana. Ya 1300 ina gia nne za jamii ya Fiat 128, ya 1500 iliyotoka 1978 ina tano za jamii ya Fiat Ritmo. Tafuta ya 1500 kamili na mkono wake wa gia, na usipoipata Kenya zungumza na Waitaliano wa hapa wanaosafiri, kwao Italia hizo giaboksi zipo.

Niko Lamu, gari iko Mokowe. Mtanitumia giaboksi?

Ndio, inasafirishwa na lori mpaka Mokowe. Lakini gari yenyewe ikiweza kuvutwa ni bora ije Malindi, kwa sababu kuitoa giaboksi ya MR2 kunahitaji gari iinuliwe juu sana, gurudumu la kushoto litoke, na injini ishikiliwe kutoka juu kwa boriti maana mauntingi ya giaboksi ndio inabeba upande ule. Kwa jeki ya buti haifanyiki, na mtu asilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Ikisafirishwa: mwaga oili yote, ziba matundu ya draivushafti na kipumulio kwa plastiki, paka grisi meno ya shafti ya klachi, ifunge kwenye mbao ikiwa imekaa kama inavyokaa ndani ya gari. Isisimamishwe kwa shafti.

Niagize nini pamoja na giaboksi?

Giaboksi peke yake ni nusu ya kazi, na hii nusu nyingine ndio inayochelewesha gari zote zinazokwama hapa. Agiza klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi mpya. Oilsili za draivushafti zote mbili na ya shafti ya klachi. Oilsili ya nyuma ya krenki, manake uko pale pale na ikivuja baadaye unashusha kila kitu tena. Mauntingi ya giaboksi. Draivushafti kama unahamia giaboksi ya aina nyingine. Flaiwili ichongwe sawa au ibadilishwe. Kebo za gia kama zako ni za zamani. Oili ya kutosha na chupa moja ya ziada, kwa sababu wiki ya kwanza utaimwaga uangalie sumaku tena.